Mtungi wa Jirani

Sogeeni karibu, wanangu, nami nisogeze hadithi.

Zamani ukame uliingia, ikabaki chemchemi moja tu. Mungu aliweka zimwi lichunge maji yale, akaliagiza limjazie kila mtu mtungi aliokuja nao.

Mkawasi alikuwa na jirani, Wakesho, ambaye watu wote walimsifu. Sifa zile zilimchoma Mkawasi kama pilipili machoni. Akaenda kwa zimwi mikono mitupu.

"Usimpe Wakesho maji. Mtungi wake una ufa."

"Nimesikia," likasema zimwi. "Wako uko wapi?"

"Wangu mzima, uko nyumbani."

Kesho yake akarudi. "Mtungi wa Wakesho una tope."

"Nimesikia. Wako uko wapi?"

"Wangu safi, uko nyumbani."

Mara ya tatu akauiba mtungi wa Wakesho, akajitwika hadi chemchemini. "Haya, jionee."

Zimwi likaugeuza, likautazama, likaujaza hadi shingoni. "Mpelekee mwenyewe. Kesho njoo na wako."

Mkawasi akarudi na maji ya mtu kichwani, roho ikimuuma. Wakesho akampokea mlangoni. "Kumbe uliuchukua ukanichotee maji. Asante, dada. Lete na wako tugawane."

Mkawasi akautoa mtungi wake uvunguni, ambao hakuugusa siku zote hizo za kusema ya mwenzake. Wakesho akamimina. Maji yote yakavujia chini, yakawalowesha miguu.



Nami yangu yameishia hapo. Mtungi wako unaujua wewe na Mungu wako.