Meza ya Langoni na Kitufe cha Wote

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na simu na kila mmoja akilalamika kwamba chaji yake haikai, palikuwa na soko kando ya mto. Langoni mwa soko hilo ilikaa meza ya Bi Kindi, muuza karanga.

Meza yenyewe ilikuwa ndogo, lakini imekaa pazuri. Anayeingia aliiona, anayetoka aliiona, na hata asiyetaka karanga alijikuta anatafuna. Watoto watano wa Bi Kindi walikula kwa meza hiyo.

Basi Bwana Kiboko, muuza matikiti, akaitamani. Akaenda kwa Mzee Ndovu, mkuu wa soko.

"Mkuu, haya ni maajabu! Mimi na mwili wangu huu nauzia kule nyuma, topeni. Yule Kindi, ambaye nikipiga chafya anapeperuka, yuko langoni!"

Ndovu akafikiri. Ndovu akifikiri huchukua muda wake.

"Lango ni la mwenye kuita wateja," akasema mwishowe. "Siku ya gulio, saa nne kamili, nitapiga baragumu na kuhesabu. Atakayekuwa na wateja wengi, meza ya langoni ni yake. Mwingine ataenda topeni."

Topeni! Bi Kindi alipoletewa habari hizo, akazitazama karanga zake. Karanga zikikaa kwenye unyevu siku tatu tu, zimeota ukungu. Na karanga zenye ukungu hata Ngiri huzipita akiziba pua.

Jua halijazama, Kasuku akatua mezani kwake. Amevaa miwani isiyo na vioo na amebeba mkoba.

"Dada Kindi! Bado unatangaza biashara kwa kuita majina ya watu, zama hizi? Nina programu saba hapa. Hii inatuma matangazo yenyewe. Hii inahesabu waliopenda. Hii inachora picha. Hii inazisimamia hizo nyingine zisigombane..."

"Ngoja, kaka. Hiyo ya kwanza inajua kwamba mtoto wa Mama Swala hali chumvi?"

"Inajua mambo makubwa kuliko hayo!"

"Inajua Nyani anapita hapa saa ngapi?"

Kasuku akakohoa. "Ina rangi kumi na sita."

"Rangi nitazikaanga? Wateja wangu ninao humu kwenye simu, jina kwa jina. Kutuma ujumbe najua. Nenda salama."

Kasuku akaruka, puruuu! mpaka kwa Kiboko. Huko hakuulizwa swali hata moja, maana mwenye kujidai haulizi, asije akaonekana hajui. Kiboko akazichukua zote saba.

Siku moja kabla ya gulio, Bi Kindi akapita mtoni. Akamkuta Kiboko ameikodolea simu macho. Jasho linamtoka, na yumo majini.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Kazi inaendaje?"

"Marahaba. Inajiendesha. Hii ni dijitali, siyo karanga." Akaguna. "Hebu nikupime akili. Hapa imeandikwa, 'Chagua unaowaita.' Unajua maana yake wewe?"

Bi Kindi akachungulia. Vitufe vilikuwa vitatu: Wala majani. Wala nyama. Wote.

Akauona mwanya, mwembamba kama yeye mwenyewe.

"Mimi mdogo ningebonyeza Wala majani tu. Si ndio wanaokula matikiti? Lakini wewe, mkubwa..."

"Mimi mkubwa nini?"

"Aa, basi. Labda na wewe uite wachache, kama mimi."

"Wachache? MIMI?" Maji yakaruka, chubwi! "Kiboko haiti wachache! Wote!" Akabonyeza, tii! "Na wote waje kwa pamoja, saa nne kasorobo, Ndovu awakute wamejaa!" Tii!

"Kweli ukubwa si mchezo," akasema Bi Kindi, akaondoka mbio kabla kicheko hakijamponyoka.

Alikwenda wapi? Moja kwa moja kwa Mzee Ndovu, katikati ya soko.

"Mkuu, kesho naomba niweke meza yangu hapa miguuni pako. Sitaki uchoke kutembea kuja kunihesabu."

"Binti una adabu," akasema Ndovu. "Weka."

Kisha Bi Kindi akaketi na simu yake, akaandika ujumbe mmoja mmoja. "Mama Swala, zile za mtoto zisizo na chumvi zimefika. Kesho nipo miguuni pa Mkuu." Akaandika kumi na mbili za namna hiyo, akalala.

Kulipokucha, Kiboko akaliona lango tupu. "Hohohoo! Amekimbia kabla hajashindwa!" Akapanga matikiti yake pale pale.

Na saa nne kasorobo wakaja! Punda Milia wakaja, Nyumbu wakaja, Swala na wanawe, Nyani na mabinamu zake. Lango likafurika. Hata wale kumi na wawili wa Bi Kindi walinaswa kwenye msongamano.

"Mnaona?" Kiboko akanguruma. "Mnaona dijitali?"

Mara masikio ya Swala wote yakasimama wima. Chui alikuwa anaingia, Fisi wawili nyuma yake. Mkononi ana simu.

"Hodi, jamani. Nimeitwa. Imeandikwa, 'Njooni, wote watakuwepo.' Nikasema, kama wote watakuwepo, mimi ni nani nisije?" Akajilamba midomo.

Sheria ya soko inakataza kula mteja sokoni. Lakini miguu ya Swala haijui kusoma sheria.

Parapapa! Parapapapa! Vumbi likapanda mbinguni. Wakakimbilia wapi? Hata mtoto wa Swala aliyezaliwa jana anajua: Chui hasogelei miguu ya Ndovu.

"Karibuni, karibuni!" Bi Kindi akawapokea. "Tuliza moyo kwa karanga! Mama Swala, zako hizi. Pole mama, tafuna taratibu."

Paaaaa! Ndovu akapiga baragumu, akahesabu bila kunyanyua mguu. "Bi Kindi, sitini na wawili. Kwa Kiboko naona Chui mmoja na Fisi wawili. Chui, unanunua tikiti?"

"Tikiti?" Chui akakunja uso. "Nani anakula maji yenye mbegu?"

Fisi nao wakatikisa vichwa.

"Basi hakuna hata mmoja."

"Nimeonewa!" Kiboko akalia. "Kindi amenidanganya!"

"Mkuu, nilimwambia ningebonyeza kitufe cha Wala majani," akasema Bi Kindi. "Muulize."

Ndovu akamgeukia. "Alikwambia? Au hukujua vitufe vile ni vya nini?"

Kiboko akafungua kinywa, na mnajua kinywa chake kilivyo. Soko zima likamtazama. Akakifunga.

"Nilijua," akanong'ona. "Nilijua yote."

"Basi topeni."

Alipokuwa anazama, Kasuku akatua kichwani kwake. "Pole, Bwana Kiboko! Ninayo ya nane. Inafuta ujumbe uliokwisha kusomwa."

"Naitaka," akasema Kiboko.

Yumo topeni mpaka leo, masikio tu ndiyo nje. Mimi nimewaacha hapo, Bi Kindi anakaanga langoni, na funzo ni hili: kabla hujachagua chombo cha kuitia wateja, mjue unayemwita.