Msala wa Bi Somoe

Kesi hii bado haijapata hakimu, ndiyo maana naileta kwenu. Sogeeni, sikilizeni mpaka mwisho, halafu mkate shauri wenyewe.

Jumatatu asubuhi, katika redio moja ndogo mjini Lindi, Shaweji alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Alimtaja marehemu Bi Somoe, akataja watoto wake na saa ya mazishi, kisha akabonyeza ili kaswida ifuate. Kompyuta ikazima. Shaweji akaipiga kofi la ubavuni, akasema, "Amka wewe, leo mara ya tatu unajifanya umekufa."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Mji mzima ulimsikia, na waliokuwa msibani walimsikia zaidi, maana redio ilikuwa imewekwa dirishani.

Huyo Shaweji alijaliwa mdomo. Alikuwa mpishi wa meli miaka ishirini, akazunguka bandari nyingi, akapunjwa karibu katika kila moja, na kila alipopunjwa alirudi na kisa cha kuchekesha watu. Bi Mwasiti, mpokea matangazo, alijaliwa macho na kalamu. Hakuna kilichotokea pale redioni kisiingie kwenye daftari lake, hata nani alimaliza sukari. Na Fundi Chinguile alijaliwa mikono. Angeweza kufungua mashine na kuifunga huku anapiga soga, na isibaki skrubu hata moja mezani.

Jumatano alikuja Zamda, binti wa marehemu. Shaweji alijificha nyuma ya kabati, akasahau kwamba kabati halifiki chini.

"Toka, mjomba, miguu naiona," alisema Zamda. "Sikuja kugomba."

Alikuja kwa jambo jingine. Ramadhani iliyopita mama yake alikaa pale redioni saa nzima, akarekodiwa akisimulia jinsi kila mtoto wake alivyozaliwa. Sauti hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na kwingine kokote haikuwepo.

"Ndugu zangu wanatawanyika Jumamosi. Nataka wamsikie kabla hawajaondoka." Akaweka mezani msala wa ukindu, umekunjwa vizuri. "Huu ndio wa mwisho aliousuka. Atakayenitolea sauti ya mama humo ndani, ni wake."

Walijaribu kuihamishia kwenye flashi. Ikifika katikati, kioo kinageuka buluu na mashine inajiwasha upya. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano.

"Windows imechoka," alisema Chinguile. "Ijumaa napiga nyingine."

"Na vilivyomo?" aliuliza Zamda.

"Vinafutika. Diski yenyewe ya kizamani, haiingii kwenye mashine yangu yoyote. Nisikudanganye, dada."

Siku ile Shaweji hakukalika. Aliagiza kahawa, akaiacha. Alitoka nje kuangalia mvua ambayo haikuwepo. Kulikuwa na neno limemkaa kooni, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hayo ni maradhi.

Alhamisi Bi Mwasiti alifungua daftari lake. "Kabla hujafuta, fundi, sikiliza. Imezima mara arobaini na moja. Ikicheza tangazo fupi haizimi, inazima ikibeba mzigo mrefu. Na ya kwanza ni tarehe tisa mwezi uliopita. Kabla ya hapo, miaka minne, hata mara moja. Siku hiyo kuna kitu kiliingia humu, na hicho kitu si Windows."

"Sasa mbona ulikaa kimya wiki zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Mlisema naandika umbea."

Shaweji alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ni mimi," alisema.

Akaeleza. Katika matembezi yake ya mwisho ng'ambo aliinunulia redio zawadi: RAM, kile kibao chembamba ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea. Muuzaji alikuwa anauza pia udi na soksi. "Akaniambia ni mpya kabisa. Nikamwamini kwa sababu alinipa soksi bure." Tarehe tisa, wenzake wakiwa kwenye chai, akakichomeka mwenyewe pembeni ya kile cha zamani, ili awashangaze. Mashine ilipoanza kuzimika, akaona haya kusema. "Nimepunjwa tena, na safari hii nimewapunja na nyinyi."

Chinguile alichukua bisibisi. Alifungua kasha, akavichomoa vibao vyote viwili. Akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama mafundi wanavyofanya, maana pengine ni uchafu tu. Akavirudisha, mashine ikazima. Akakiacha kile cha Shaweji peke yake, akaiwekea mtihani wa kupima kumbukumbu. Kioo kikajaa mistari myekundu. Akakichomeka cha zamani katika tundu lilelile, asije akakisingizia kibao kosa la tundu. Mtihani ukapita wote, safi. Ndipo akaanza kuhamisha sauti, kwa kibao kimoja tu, polepole kama maharage makavu yanavyoiva. Ijumaa saa tano asubuhi sauti ya Bi Somoe ilitoka nzima.

Zamda akaitwa. Chinguile akabonyeza sauti icheze ili ahakikishe, na ugomvi ukaanza hapohapo.

"Bila daftari langu, fundi, ungekuwa umeshafuta," alisema Bi Mwasiti.

"Na bila mikono hii, daftari lako lingebaki kuhesabu sukari."

Shaweji alikuwa ameapa kunyamaza. Aliweza kwa muda wa kumeza mate. "Bila mimi kujiaibisha, mngejua muanzie wapi?"

"Bila wewe," alisema Bi Mwasiti, "isingeharibika."

"Nakubali. Lakini nimesema mwenyewe, sikukamatwa."

Haya, mahakimu wangu. Msala haukatiki; ukikatwa, unabaki majani. Mmoja alikuwa na tarehe wiki zote hizo, akainyamazia. Mmoja alibakiza siku moja aifute sauti. Mmoja ndiye aliyeleta ugonjwa kwa mkono wake. Na ungemtoa yeyote kati yao Alhamisi ile, Bi Somoe asingesikika tena. Ungekuwa wewe ndiye Zamda, msala ungempa nani?

Msikimbilie kumuuliza mwenyewe. Shaweji alimuuliza palepale. "Amua basi, mwanangu, tujue moja."

Zamda hakumgeukia. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika.

"Nyamazeni," alisema. "Mama anaongea."