Pimbi na Mvuto wa Alama

Paukwa!

Hiyo Pakawa mmeitoa kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Sogeeni motoni, na wewe uliyekalia mihogo ya wenzako uitoe, nimekuona. Paukwa! Haya, sasa naona mko hai.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kuogopa mtihani kuliko simba, palikuwa na jabali kubwa lililokaa peke yake katikati ya nyika. Hapo waliishi Pimbi, Nungunungu, Ngiri na Kenge pamoja na jamaa zao. Walikuwa na kivuli, walikuwa na asali, na umbea wa kutosha mwaka mzima. Walichokosa ni mganga. Kila masika kikohozi kilikuja, na kila masika kikaondoka na watoto. Mganga alikuwa ng'ambo ya mto, na masika mto hauvukiki. Masika iliyopita kikohozi kilimchukua mdogo wake Pimbi.

Kuwa mganga kulitaka chuo, na chuo kilitaka mtihani wa sayansi: mtihani mmoja kwa nyika nzima, tena unaufanya mara moja tu maishani, kama kuzaliwa. Mtungaji alikuwa Korongo, na mada zake hazikubadilika mwaka hadi mwaka. Ukipata sabini unaingia chuo, ukihitimu unarudi kutibu watu wa kwenu.

Lakini Korongo alikuwa na mtindo wake. Alama hazikutolewa zilivyo. Aliyeongoza, hata akipata hamsini, hamsini yake iliitwa mia, na waliomfuata walivutwa juu kwa kipimo hichohicho. Wanafunzi waliuita Mvuto, na waliupenda kuliko mama zao. Uwaulize mapafu yana kazi gani, walikuna vichwa. Uwaulize Mvuto wa mwaka juzi, walikutajia mpaka nukta. Asubuhi walipiga hesabu za Mvuto, mchana wakagombania hesabu hizo, jioni wakalala hoi na kitabu chini ya shavu.

Pimbi peke yake alisoma. Katika majaribio alipata tisini, wenzake arobaini na ushee. Akina mama wa jabali walikwisha kumfagilia pango la kutibia.

Wiki ya mtihani ilipofika, Nungunungu akapiga hodi.

"Karibu, kaka," akasema Pimbi. "Ila miiba yako na mkeka wangu, tafadhali."

"Dada Pimbi, wewe ukipata tisini, Mvuto hautufikii sisi. Shuka kidogo tuvutwe. Swali la mapafu liache tupu. Hilo moja tu."

"Nikishuka, nitabaki wa kwanza?"

"Utabaki wa kwanza. Nani mwingine yupo?"

Pimbi akafikiri. Wa kwanza ni wa kwanza, alama yake itaitwa mia tu. Na jabali lenye waganga wanne si bora kuliko lenye mmoja? Akasema, "Haya, nitaliacha."

Mkeka haujapoa, Ngiri huyo, mkia juu kama mlingoti wa bendera, magoti chini.

"Dada Pimbi, nina watoto saba, na wote wamenirithi sura. Wana shida tayari. Shuka kidogo tuvutwe. Swali la majivu na sabuni, hilo moja tu."

"Nikishuka, nitabaki wa kwanza?"

"Utabaki wa kwanza. Nani mwingine yupo?"

"Haya, nitaliacha."

Akaja Kenge, ulimi unatoka na kurudi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Dada Pimbi, baba ameapa nikifeli ananifukuza pangoni. Shuka kidogo tuvutwe. Swali la mwanga, hilo moja tu."

"Nikishuka, nitabaki wa kwanza?"

"Utabaki wa kwanza. Nani mwingine yupo?"

"Haya, nitaliacha."

Siku ya mtihani Pimbi alijibu yote isipokuwa hayo matatu. Kwenye swali la mapafu aliitazama nafasi tupu kwa muda mrefu. Jibu lake angeweza kulitaja usingizini. Akaifunga karatasi.

Matokeo yaliletwa na Kwarara, ndege mwenye sauti ya mlango usiopakwa mafuta. Akatua juu ya jabali, akasoma.

"Wa kwanza, Fisi wa Mtoni. Mia kamili."



"Wa wapi?" akauliza Kenge.

"Mtoni. Kule wana masomo ya jioni, na anayewafundisha jioni ni shemeji yake Korongo."

"Kwani mtihani ulikuwa wa nyika nzima?" akauliza Nungunungu.

Nilisema pale mwanzo. Lakini hata nyinyi mlikuwa mnatazama mihogo.

"Na Mvuto?" akauliza Ngiri.

"Wa juu ameshagusa dari. Mwaka huu havutwi mtu." Kwarara akaendelea kusoma. "Nungunungu, arobaini na tano. Ngiri, arobaini na tatu. Kenge, arobaini na nne. Pimbi, sitini. Jabali hili hakuna aliyefaulu." Akaruka kwenda kuharibu asubuhi ya watu wengine.

Wale watatu wakamgeukia Pimbi.

"Sitini?" akasema Nungunungu. "Mimi nilikuomba swali moja."

"Hata mimi moja," akasema Ngiri.

"Moja tu," akasema Kenge. "Dada, kama majibu ulikuwa unayajua, si ungejibu?"

Pimbi aliinuka. Alikwenda kwenye lile pango lililofagiwa, akautoa ufagio, akaurudisha kwa wenyewe.

Fisi alisomea uganga, akahitimu, akarudishwa kwao Mtoni. Ng'ambo.

Masika ikaingia. Kikohozi nacho kikaingia, hakikufanya mtihani wowote. Mchana mmoja wa mvua Nungunungu akapiga hodi kwa Pimbi, mwanawe kifuani.

"Dada Pimbi, mtoto hapumui vizuri."

Pimbi akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo. Akasikiliza upande wa kulia, akasikiliza upande wa kushoto.

"Mapafu yamejaa maji," akasema. "Najua yalipo, kaka, najua na kazi yake. Kuyatibu ningefundishwa chuoni."

"Jaribu chochote."

"Nikibahatisha, nitamuua mimi. Mpeleke kwa mwingine."

Nungunungu akautazama mto, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Akamgeukia Pimbi.

"Nani mwingine yupo?"

Maneno yakamtoka kabla hajayasikia. Kisha akayasikia. Akakaa palepale juu ya mkeka, na miiba yake yote, na Pimbi hakumkataza. Kabla jua halijazama, kikohozi kilinyamaza, na mtoto naye.

Hadithi yangu imegota hapo. Anayetaka mwisho mtamu zaidi akamwombe Korongo; pengine mwaka huu atavuta.