Nyegere na Sega la Umri Bora

Paukwa!

Pakawa!

Mzinga!

Una nyuki!

Na nyuki?

Ana mwiba!

Basi anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, nikianza sitaki. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasemezana, sauti moja ilipasua msitu:

"Sega moja! Sega moja tu, na mmejaa hapa kama wageni wa harusi! Nani kaumwa na nyuki? Wewe umeumwa? Wewe?"

Aliyepiga kelele ni Nyegere. Pua yake ilikuwa imevimba kama kiazi kitamu, na jicho moja limefumba. Mzinga alikuwa ameupasua yeye, peke yake. Ndani akakuta masega makavu matupu na moja tu lenye asali. Yale makavu alimpa Mlembe, ndege aliyemwonyesha mzinga, maana Mlembe hula nta na hiyo ndiyo haki yake. Nyegere hakuwa mtu wa kona kona.

Lakini lile moja, ah! Harufu yake ilikuwa imemleta Ngedere kutoka juu ya mti, imemleta Ngiri kutoka shimoni, imemleta na Kobe, ingawa Kobe alianza safari tangu jana kwa kukisia.

"Bwana Nyegere, usipayuke," akasema Ngedere. "Desturi ni desturi."

Desturi ya msitu ule ilikuwa hivi. Mzinga ukitoa masega mengi, kila mtu anapata. Ukitoa moja, halikatwi, kwa sababu kipande kidogo huzaa ugomvi mkubwa. Linapewa zima zima yule aliye kwenye umri bora wa maisha yake. Ni umri gani huo? Hapo sasa! Walioweka desturi walikufa kabla ya kueleza.

Na Nyegere alilitaka sega lile kuliko wote. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, naye alimwambia waziwazi: "Baba Watoto, uji wangu hauna utamu. Ukirudi bila asali, lala huko huko." Nyegere alimjua mkewe. Akisema, amesema.

Ngedere akaanza. "Umri bora ni utoto, na mimi ni mtoto."

"Wewe?" Ngiri akashangaa. "Una ndevu!"

"Ni za kuzaliwa nazo. Mtoto anabebwa. Mtoto halipi. Mtoto akichafua, anayeona aibu ni mtu mwingine. Kuna umri gani unaoshinda huo?" Akaruka mgongoni kwa Ngiri ili abebwe kama ushahidi. Ngiri akajitikisa, na mtoto yule mwenye ndevu akaangukia kisogo.

Ngiri akafuata. "Umri bora ni ujana, na kijana ni mimi. Tazameni pembe hizi za mdomoni! Tazameni mbio!" Akasimamisha mkia wima, akatimka. Vumbi! Akapita kichaka, akapita kichuguu, na katikati ya mbio akasahau anakimbilia nini. Akarudi akitembea pole pole. "Samahanini jamani, tulikuwa tunazungumza habari gani?"

Kobe akatoa shingo. "Umri bora ni uzee, wajukuu zangu. Mzee hatumwi. Mzee akikohoa, watu wote kimya. Sikilizeni." Akakohoa. Hakuna aliyenyamaza. Akakohoa tena. Mlembe akamuuliza kama amepaliwa. Kobe akasema, "Na jambo kubwa kuliko yote kuhusu uzee ni kwamba..." Akasinzia palepale, shingo nje.

Wote wakamgeukia Nyegere. "Na wewe, bwana? Una umri gani?"

Nyegere akafikiri. Hakuwahi kujiuliza swali lile; hakupata nafasi. "Mimi nina umri wa kuumwa mgongo asubuhi na kuumwa na nyuki mchana," akasema. "Jino moja limeng'oka. Nina mke, nina watoto. Kama huo ndio umri bora, sijui. Hakuna aliyeniambia."

Wakacheka. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini.

Mlembe akasema kutoka tawini, "Mnacheka, na desturi mmeikata nusu. Nusu ya pili inasema: anayekula sega la leo ndiye anayekwenda kupasua mzinga wa kesho. Na wa kesho nimeshauona. Uko kwenye mkuyu, kule mtoni. Nyuki wake wanauma mpaka kivuli. Haya, mwenye umri bora ajitokeze, nimpeleke."

Kimya! Kikohozi cha Kobe hakikuwahi kuleta kimya kama kile.

"Mimi ni mtoto," Ngedere akasema, akanyonya kidole. "Watoto hawapelekwi kwenye nyuki."

"Mimi ni kijana," Ngiri akasema, "lakini kijana kijana mno. Nyonga bado hazijakaza. Mama amenikataza mkuyu."

Kobe akaamka ghafla, kumbe alikuwa anasikia vizuri. "Mimi ni mzee. Nikienda leo, kesho yenyewe itapita kabla sijafika."

Damu ikampanda Nyegere. Hasira yake haikuwa na mlango wa kubisha. Ilikuwa ndani tayari. "Yaani kwenye kula mna umri, kwenye kwenda hamna? Basi naenda mimi! Naenda sasa hivi! Na sega hili, kwa kuwa naenda mimi, ni langu. Nimeliweka hapa juu ya jani. Asiliguse mtu!"

"Tuliguse sisi?" wakasema wote watatu, kwa heshima kubwa.

Mlembe akatangulia, Nyegere nyuma. Wakafika kwenye mkuyu. Nyegere akaingiza mkono. Nyuki wakamfukuza mpaka mtoni. Akarudi, akaingiza kichwa. Nyuki wakamfukuza mpaka mtoni. Mara ya tatu hakuingiza kitu. Aligeuka, akaweka makalio kwenye tundu, akaachia jambo ambalo silitaji, nyumba hii ina wakwe. Nyuki wakalewa. Malkia wao akaomba apelekwe nje. Mlembe naye akayumba tawini, akasema, "Kaka, siku nyingine uniambie kwanza."

Nyegere akatoa masega matatu yanayochuruzika. Akamkatia Mlembe nta yake palepale, kabla ya kuulizwa. Kisha akarudi.

Juu ya jani hapakuwa na sega. Na jani lenyewe lilikuwa linang'aa kwa kulambwa.

"Limeyeyuka," akasema Ngedere, na ndevu zake za kuzaliwa zimegandana.

"Jua kali," akasema Ngiri, na nzi watano wanapigania pembe yake ya kushoto.

Na Kobe je? Alikuwa amejifungia ndani ya gamba, na msururu wa siafu ulikuwa unaingia kumtembelea. Punde gamba likaanza kucheza lenyewe.

Na mngedhani wameona haya? Wapi! Walipoyaona masega mapya, Ngedere akasema, "Kwa kweli nimekua sana tangu asubuhi." Ngiri akasema nyonga zimekaza. Kobe akapiga kelele kutoka ndani kwamba anajisikia kijana, tena kijana mwenye haraka, mtu amtoe siafu.

Nyegere akawatazama mmoja mmoja. "Wewe ni mtoto, nenda kanyonye. Wewe nyonga mbovu, nenda kwa mama'ko akukande. Na wewe, Babu, asali si nzuri kwa wazee. Desturi ya kugawana mmeilamba pamoja na lile jani; masega haya yanakwenda kwa mzazi."

Akafika nyumbani. Mkewe akaipokea asali, akaitia kwenye uji, akaonja, akafumba macho. Kisha akamtazama mumewe: pua kiazi, jicho moja, jino pungufu.

"Baba Watoto," akasema, "sijawahi kukuona ukiwa mzima kuliko leo. Ila unanuka. Kaoge kwanza, ndiyo uingie."

Basi ndugu zangu, sina mafumbo, nasema kama lilivyo. Umri bora hauko kwenye miaka. Ni ule ambao kazi ikiita, unaitika mwenyewe. Na mtu akiwa kijana kwenye sahani na mzee kwenye jembe, huyo hana umri. Ana njaa tu.

Ndiyo maana mpaka leo Nyegere hajali ukubwa wa mtu. Akikutana na chui, anamvaa. Akikutana na simba, anamvaa. Hatafuti ugomvi, anadai. Kesho yake asubuhi alikwenda kubisha, mlango kwa mlango, kudai sega lake, na bado hajaacha.

Hadithi imefika ukingoni, mwenye masikio amekula, asiye nayo alale na njaa.

Na lile sega la kwanza bado halijalipwa. Mliolila, lileteni.