Siku Shimo la Ngozini Lilipoacha Kunuka

"Kilichoacha kunuka hakijaacha kuua." Ndivyo alivyosema jirani yetu Mama Tatu asubuhi hii, alipomwona mwanawe anatupa vidonge kwa kuwa homa imeshuka, nanyi mmerudi hapa mnacheka, mnaniuliza, bibi, kwani homa nayo inanuka? Mwavita anasema hiyo ni methali ya wahenga. Nkwabi anasema haimo katika kitabu cha shule. Nkwabi ana haki. Methali hiyo haina umri mkubwa, mimi ninaizidi. Kaeni hapo mkekani mnisaidie kuchambua choroko hizi, niwaeleze ilikotoka, kwa maana siku mimba yake ilipotungwa nilikuwapo.

Methali hii haikuanzia mdomoni mwa mtu. Ilianzia shimoni.

Ng'ambo ya reli, pale penye maghala ya mpunga siku hizi, palikuwa na kiwanda cha ngozi. Watu wote walipaita Ngozini. Mimi niliingia pale nikiwa bado msichana, nikakaa mpaka nikazeeka. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zilikuja kwa malori kutoka minadani, zimepakwa chumvi, zimekakamaa kama mbao. Kwanza ziliroweshwa katika madimbwi ya saruji yenye chokaa na dawa ya kung'oa manyoya. Kutoka hapo zilitiwa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, zikapewa dawa nyingine iliyochanganywa na tindikali. Mwisho zilikuja kwetu wanawake, tukazitundika zikauke, tukazikata kingo.

Sikilizeni neno hilo, dawa. Sisi vitu vyote vile tuliviita dawa. Dawa ya manyoya, dawa ya rangi, dawa ya kulainisha. Sasa mtu akishazoea kuita kitu dawa, atakiogopaje? Dawa huponya. Mikono yetu ilipobabuka tulipaka mafuta tukaendelea. Kifua kilipobana tulisema ni vumbi. Mzee Rajabu alipoangukia katika shimo la majitaka akafa, mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, tuliambiwa moyo wake ulisimama. Na kweli moyo wake ulikuwa umesimama. Hakuna aliyeuliza umesimamishwa na nini.

Kazi ya kutunza mifereji na lile shimo akapewa Kasekwa. Huyu alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kifua kipana, hapiti mahali bila kumchokoza mtu. Alikuwa amemwoa dada wa mwenzetu Mhoja, mwanamume aliyevuta ngozi kwenye madimbwi. Na Mhoja alikuwa kinyume chake kabisa. Mngeweza kufanya naye kazi wiki nzima msipate maneno ya kujaza kikombe. Lakini watu wale wawili walipendana, wakila sahani moja kila mchana, mmoja anasema na mwingine anatafuna.

Wakati huo alikuwa ameletwa mkemia mpya, Bi Tusekile, mwanamke kutoka Tukuyu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Kazi yake ilikuwa maabara, kupima ngozi. Sisi hatukumjua. Tulimwona tu akisimama mara kwa mara kwenye shimo, anatazama, anatikisa kichwa. Hatukujua kwamba alikuwa amekwenda kwa meneja, Bwana Lihawa, kumwomba atukusanye ili atueleze vitu tunavyovishika vina nini ndani yake. Bwana Lihawa alimjibu, "Wewe pima ngozi. Ukiwaambia watu hawa kwamba wanashika sumu, kesho nitafanya kazi na nani?" Maneno hayo hakuyatangaza Bi Tusekile. Bwana Lihawa mwenyewe ndiye aliyetueleza baadaye.

Ikafika masika. Mvua ilinyesha kwa fujo, na takataka zikaziba mfereji uliobeba maji ya tindikali kutoka kwenye mapipa. Maji yale yakafurika, yakavuka ukingo, yakaingia katika mfereji wa pili, ule wa chokaa na dawa ya manyoya. Yakashuka yote pamoja shimoni. Mara ukazuka uvundo ambao sijui niwaelezeje. Fikirini mayai viza yaliyojaa gunia, mtu akalipasua mbele ya pua zenu. Tulifunga khanga usoni. Wengine walitapika. Msimamizi akamwita Kasekwa, akamwambia ashuke shimoni azibue tundu la kutokea, maji yaondoke.

Kasekwa alichukua beleshi, akashuka ngazi kwa ovaroli yake ya kila siku, bila kingine chochote. Tulimsikia akipaza sauti kutoka chini, "Jamani, aliyekula mayai viza ajitaje mapema!" Tukacheka huku tumeziba pua.

Kidogo akaita tena, kwa furaha, "Ee! Imeisha! Hainuki tena!"

Wallahi tulifurahi. Kuna mtu alipiga makofi. Kisha tukasikia beleshi likigonga saruji, halafu kimya.

"Shemeji!" Mhoja aliita. "Shemeji Kasekwa!"

Mhoja alitupa ngozi aliyoibeba, akakimbia mpaka shimoni, akageuka akatia mguu kwenye ngazi. Hapo ndipo Bi Tusekile alipotokea maabara mbio, koti lake jeupe linapepea, anapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka kitandani mwa mtoto.

"Usishuke! Kaka, usishuke!"

"Shemeji yangu yuko chini!"

"Ukishuka mtakuwa wawili."

"Harufu imeisha! Amesema mwenyewe, imeisha!"

"Haijaisha," alisema Bi Tusekile. "Imeua pua yake kwanza. Hewa hii ikiwa kidogo inanuka. Ikiwa nyingi, pua inalewa, haisikii kitu. Ukishuka pale hutasikia harufu, na hutapanda tena."

Mhoja hakuwa wa kusikia. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Nitamwambia nini dada yangu?" alisema, akashuka kipandio kimoja. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, mwanamume asiye mume wangu, mbele ya watu wote, wala sikuona aibu. Nikamvuta, tukaanguka chali sote wawili matopeni.

"Njooni huku, upande unakotoka upepo!" Bi Tusekile alitupigia kelele. "Khanga hizo hazisaidii kitu. Mna chochote kirefu? Mti, chuma, chochote?"

"Kulabu!" nilisema, bado niko matopeni. "Kulabu za madimbwini!"

Zile zilikuwa pondo ndefu zenye ndoano ya chuma kichwani, za kuvutia ngozi kutoka ndani ya madimbwi. Mhoja alizishika kila siku ya maisha yake. Aliposikia neno hilo niliona akili yake inarudi. Aliinuka, akaenda, akarudi na kulabu mbili, akasimama pale alipoelekezwa, upepo mgongoni.

"Usiinamishe uso," Bi Tusekile alimwambia. "Nyoosha mikono tu."

Shimo halikuwa refu sana. Kasekwa alikuwa amelala kwenye ukingo wa tope, kichwa juu ya maji, Mungu alivyopenda. Mhoja aliteremsha kulabu polepole, ndoano ikagusa mkanda wa ovaroli, ikateleza. Watu wakaguna. Akajaribu tena, ikashika. Bwana Lihawa alikuwa amefika, amevaa tai yake. Akaivua akaitupa, akashika kulabu ya pili, na wanaume wengine wakashika nyuma yake. Mhoja akasema, "Kama ngozi ya fahali. Msikurupuke." Ndiyo amri ya kwanza niliyowahi kumsikia akitoa. Wakavuta pamoja, pole kwa pole, mpaka mwili ukatokea juu.

Walimbeba hadi penye upepo, mbali na shimo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Bi Tusekile alipiga magoti, akamlaza kichwa nyuma, akaanza kumbonyeza kifua kwa viganja vyote viwili, anahesabu kwa sauti ndogo. Hatukuwa na la kufanya ila kutazama. Mhoja alikuwa ameshika mguu wa shemeji yake, ameushikilia kana kwamba mtu angetaka kuuiba.

Kasekwa akakohoa. Akakohoa tena, akatapika, akavuta pumzi moja ndefu yenye mlio kama mlango mbovu. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Tukampakia kwenye gari la kiwanda, Mhoja naye akapanda, wakaenda hospitali.

Sisi tuliobaki hatukurudi kazini. Hakuna aliyetangaza mgomo. Tulikaa tu chini uani, wanaume kwa wanawake, na Bwana Lihawa naye akakaa juu ya debe, tope mpaka magotini, hakutufukuza. Jioni Mhoja alirudi akasema shemeji yake amefumbua macho na ameuliza kama kuna uji. Watu wakamshukuru Mungu. Halafu Mhoja akamgeukia meneja.

"Bwana Lihawa, ulikuwa unajua?"

Bwana Lihawa alijifuta tope mikononi. Kisha akasema, "Niliambiwa. Sikutaka kusikia. Niliogopa mkijua mtakimbia." Hapo ndipo alipotueleza jinsi alivyomjibu Bi Tusekile.

Mhoja alitafakari, kama kawaida yake. "Moto tunajua unaunguza," alisema. "Mke wangu anaujua, mama yangu anaujua. Nani amekimbia jiko? Kwa kuujua ndiyo tunapika. Tuambieni tu."

Kesho yake tukaambiwa. Bi Tusekile alisimama mbele yetu, na baada ya hapo akawa anasimama kila asubuhi ya Jumatatu. Alianza kwa kutukataza lile neno dawa. Kila kitu kikaitwa kwa jina lake, na palipo na sumu pakaitwa sumu. Mapipa ya kuwekea sumu hizo yakaandikwa kwa Kiswahili, na kwa wasiojua kusoma yakapakwa rangi: jekundu usilikaribishe kwenye la kijani, hata tone. Mifereji ile miwili ikatenganishwa kwa ukuta. Ikawa marufuku mtu kushuka shimoni kabla hewa haijapimwa kwa kipimo, na akishuka awe amefungwa kamba, na juu asimame mwenzake asiye na kazi nyingine ila kumtazama.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Glovu za mpira zilitutoa jasho, wengine tukazivua kwa siri mpaka tukakemeana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka mmoja buti zilichelewa, tukakaa nje ya lango mpaka zikaja. Lakini mikono yetu ilipona. Hii yangu mnayoiona ilikuwa na magamba kama ya kenge.

Kuna jambo moja Bi Tusekile alilolitaka mwenyewe. Alimwomba Bwana Lihawa waende pamoja kwa mjane wa Mzee Rajabu. Mimi nilifuatana nao. Wakamweleza yule mama kwamba mumewe hakufa kwa ugonjwa wa moyo, aliuawa na hewa ya shimo, na kwamba kiwanda kilipaswa kumwambia. Bwana Lihawa akamwomba radhi. Yule mama alilia sana, kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema, "Asanteni. Mwaka mzima nilidhani ni kiporo nilichompa asubuhi ile." Nilijifunza siku hiyo kwamba kumficha mtu ukweli ni kumtwika mzigo usio wake.

Kasekwa alikaa nyumbani mpaka masika yakaisha. Kichwa kilimwuma muda mrefu, na mzaha wake ulichelewa kurudi kuliko afya yake. Lakini alirudi. Bwana Lihawa alimpa kazi ya kusimama juu ya shimo, kumlinda anayeshuka, naye hakuwahi kukubali kuondoka pale hata kwa kunywa maji.

Sasa methali yenyewe. Kiwanda kiliajiri watu wapya, miongoni mwao mwanamume mmoja aliyeitwa Ng'wandu, mchapakazi, mwenye haraka. Siku moja lilipaswa kusafishwa shimo, na Bi Tusekile alikuwa bado anakuja na kipimo chake. Ng'wandu akachoka kungoja. Akainama kidogo, akavuta pumzi, akatusuta sote.

"Mnaogopa nini? Asubuhi palikuwa pananuka, sasa hapanuki hata kidogo. Shimo safi hili." Akaweka mguu kwenye ngazi.

Kasekwa alimshika bega, lakini sauti haikumtoka. Nadhani aliisikia tena sauti yake mwenyewe, inaita kwa furaha kutoka chini. Mhoja ndiye aliyesema, kutoka kule kwenye madimbwi yake, wala hakupaza sauti.

"Kilichoacha kunuka hakijaacha kuua."

Ng'wandu akamtazama Mhoja, akamtazama Kasekwa, akaondoa mguu. Bi Tusekile alifika, akateremsha kipimo kwa kamba, na kabla hakijafika nusu ya shimo kikaanza kulia kwa mlio mkali. Ng'wandu akakaa chini palepale, akashika kichwa. Kasekwa akakaa karibu naye, wakangoja pamoja mpaka hewa ikatoka.

Maneno ya mtu asiyesema husafiri. Jioni ile yalivuka reli. Wiki haikuisha nikamsikia mwuza nyanya sokoni akimwambia maneno hayo mwenzake, aliyedhani ugomvi wa mumewe umekwisha kwa kuwa amenyamaza. Baadaye wauguzi wakawaambia wagonjwa, na madereva wakaambiana juu ya breki zilizoacha kulia. Wengi hawajawahi kuona ngozi mbichi, wala hawajui Mhoja alikuwa nani.

Ngozini ilifanya kazi miaka mingi baada ya siku hiyo, mpaka ilipofungwa, na katika miaka yote hiyo kila aliyeshuka shimoni alipanda ngazi kwa miguu yake, akaenda kula kwao. Si kwamba sumu ilipungua ukali. Ila sisi tuliokuwa tunaishika tulikuwa tumeambiwa, na kila mmoja wetu alijua, hata pale pua inapomwambia kuna amani, kwamba kilichoacha kunuka hakijaacha kuua.