Njia ya Mianzi ya Bibi Nakijwa

Hapo zamani, zamani yenyewe, watoto wangu, kabla babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na mlima mrefu mpaka mwezi ukipita ulikuwa unainama. Chini yake, kwenye pango la mawe, alikaa Pimbi mmoja anaitwa Mbwiga, pamoja na bibi yake, Bibi Nakijwa.

Bibi alikuwa amezeeka. Hatamani uji, hatamani asali. Kila asubuhi neno lake ni moja: apelekwe kileleni akaote jua juu ya lile jiwe alipozaliwa, alione mara moja tu. Halafu anaanza kusimulia jiwe lilivyokuwa na joto, pimbi mia tisa wamejipanga, na mama yake akimtoa viroboto huku anaimba.

Mbwiga akisikia, anatoka nje kuitazama njia. Njia ilikuwa moja tu, na Nyati ameifunga. Amejilaza katikati, anasema mlima ni wake, anayetaka kupita apite juu ya pembe zake. Na ukungu wa masika ulibakiza siku tano kushuka. Ukishuka, jua halionekani kileleni miezi minne. Bibi hiyo miezi minne hana.

Mbwiga akajaribu korongoni. Akateleza, burukutu, akabiringika kutwa nzima. Akajaribu kwenye jabali, upepo ukampeperusha kama jani la mgomba. Akarudi nyumbani pua imechubuka.

Ndipo Bibi akamwambia kwamba enzi zao walipitia nyuma, kwenye mianzi. Tembo waliikanyaga ile njia mpaka ikawa laini kama mkeka. Ila tembo wakahamia bondeni, mianzi ikafunga, sasa hata nyoka hapenyi.

Mbwiga akawaza kidogo. Akambeba Bibi mgongoni, huyoo, mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mjomba wako mimi tangu lini, wewe kipande cha panya?"

Mbwiga akasema hana shida yoyote, amepita tu kumpa pole.

"Pole ya nini?"

"Nyati anatangaza kwamba nyie tembo wa sasa mmeisahau njia ya mianzi ya wazee wenu. Mimi nikambishia. Nikamwambia tembo hasahau."

Sasa Tembo mnamjua. Ukimwambia kasahau jambo, umemtukana yeye na ukoo wake wote. Hiyo njia hajawahi kuiona, kazaliwa bondeni, lakini masikio yakasimama wima. Akasema anaijua hata akifumba macho, wamfuate waone.

Wakaondoka. Kra! Kra! Mianzi inavunjika, vumbi linafika nchi ya saba. Kila Tembo akifika mahali asipojua pa kwenda, anasimama, anajifanya anakuna mguu. Hapo Bibi anamnong'oneza mjukuu wake: kulia, penye chemchemi. Mbwiga anapaza sauti.

"Mjomba, nadhani ni kushoto."

"Unanifundisha mimi? Ni kulia."

Kulia wanakwenda. Hivyo hivyo siku mbili, mpaka mianzi ikaisha, wakatokea kwenye majani mafupi, kileleni, jua linawaka.

Bibi akashuka. Jiwe lilikuwa dogo kuliko alivyosimulia, na pimbi hakuwepo hata mmoja. Akalala kifudifudi, tumbo kwenye joto, akafumba macho. Akaanza kuimba kidogo kidogo, ule wimbo wa mama yake.

Tembo yeye alikuwa amesimama kwenye mwamba wa pembeni, anaupapasa kwa mkonga. Ulikuwa laini, unang'aa.

"Hapo ndipo mama yako alipokuwa anajikuna," Bibi akamwambia bila kufumbua macho. "Msichana mwenye pembe moja. Mchokozi sana."

Tembo akashusha mkonga.

"Mimi nilikuwa sijui," akasema. "Hata njia nilikuwa sijui."

"Tunajua, mjomba," akasema Mbwiga.

Tembo akamtazama, akaangalia mianzi yote aliyoivunja, akaelewa. Mbwiga akajiweka tayari kukimbia. Lakini Tembo akaketi, mlima ukatikisika, akamwomba Bibi amsimulie tena kuhusu mama yake. Huko chini Nyati bado anailinda njia yake, hapiti mtu.

Basi, wanangu: ukijifanya unajua kila kitu, aliye nyuma yako atakuongoza na wewe utadhani umetangulia.