Jembe la Nakijwa

Sogeeni motoni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Palikuwa na mazimwi mawili, kila moja na kibuyu cha moto wa kuteketeza milima yote. Zimwi la magharibi lilimmeza kila aliyesema "chetu". La mashariki lilimmeza kila aliyesema "changu". Katikati waliishi watu waliozoea kulimiana mashamba kwa zamu. Sasa wakaogopa hata kuazimana jembe.

Mjane mmoja, Nakijwa, akatoka kulima. Zimwi la magharibi likamtokea. "Jembe hilo la nani?"

"Ngoja nimalize tuta hili."

Likaja la mashariki. "Jembe hilo la nani?"

"Ngoja nimalize tuta hili."

Mara ya tatu yakaja yote mawili, vibuyu vikifuka moshi. "Jembe la nani?"

Nakijwa akamaliza tuta, akainuka. "Jembe ni la jirani yangu Mbonea. Shamba ni langu. Mbegu ni zetu sote."

Vinywa viwili vikafunguka. Kabla havijamfikia, akayanyooshea mpini. "Na zamu ya leo ni yenu. Haya, pokeeni mlime!"

Mazimwi yakarudi nyuma.

"Mimi huwa naajiri," likasema la magharibi.

"Mimi huwa nasimamia," likasema la mashariki.

Kijiji kizima kikasikia. Watu wakatoka na majembe yao, na kila walipopiga hatua mazimwi yakasinyaa, mpaka yakatoshana na panzi.

Yangu yameishia hapo. Ila kesho mtu akikuuliza jembe ni la nani, mwambie kwanza akuonyeshe viganja.